Mzinga wa Misumari Mifupi

Mara ya kwanza mulamu wangu aliponipiga, alinipiga kwa ubao wa mzinga.

Tulikuwa kwenye lupangu letu, uani, Kolwezi, saa nne za asubuhi. Mimi nilikuwa nimepiga magoti juu ya karatasi ya vipimo, penseli sikioni. Yeye alisimama nyuma yangu ameshika ubao, akiunusa kama mtu anayenusa samaki asiyemwamini.

"Hii mbao inanuka," akasema. "Nyuki habataingia mu kintu ya kunuka hivi."

Nikamjibu bila kuinua kichwa: "Yaya, weye haujue kusoma. Acha miye nisome."

Sikuuona ubao ukija. Ulinipata kati ya bega na shingo, nikaangukia uso juu ya karatasi yangu. Nilipogeuka alikuwa ameshauweka chini taratibu, pamoja na wenzake, na anafuta mikono kwenye kitenge.

"Sasa soma," akasema.

Alikuwa dada mkubwa wa mume wangu, ndiyo maana nilimwita Yaya. Mume wangu ni dereva wa lori. Hupeleka bidhaa hadi Musumba, na wakati wa mvua barabara ile huweza kummeza wiki tatu. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya wanawake wawili wasiopendana. Yeye alikuja kukaa kwetu baada ya kuacha kazi ya kuosha madini. Miaka mingi alisimama kwenye maji hadi magotini akiosha mawe ya wachimbaji, mpaka siku walinzi walipowafukuza kwa virungu na kumvunja vidole viwili. Mimi nilikuwa karani katika depo ya vipuri, nikapunguzwa kazini. Kila mmoja alikuwa na hasira yake, na hasira hizo hazikuwa na pa kwenda ila jikoni.

Wazo la nyuki lilikuwa langu. Parokiani alikuja mwanamke agronomu, mtaalamu wa kilimo, akatufundisha wanawake wa mtaa kwa Jumamosi tatu. Alituonyesha mzinga wa gome, ule wa wazee wetu, akasema tuuache: mti unaobanduliwa gome zima hufa umesimama, na kuvuna lazima uvunje kila kitu. Badala yake alitufundisha sanduku lenye kuta mbili za kulala upande, jembamba chini na pana juu, linalofunikwa kwa vipande vya mbao vilivyopangwa vikigusana. Vipande hivyo tuliviita barete. Kila barete ina upana wa sentimita tatu na milimita mbili. Ukizidisha, nyuki hujenga masega yao yakikatiza kutoka barete moja hadi nyingine, na siku ya kufungua huwezi kuinua moja bila kupasua tatu.

Mengine pia aliyasema. Kwamba anayeanza asinunue vitu vingi, atengeneze mizinga miwili tu, ili akiona mmoja una tatizo awe na mwingine wa kulinganisha. Kwamba mbao ziwe nzito, kavu, zisizowahi kubeba dawa wala mafuta. Misumari iwe mirefu. Mzinga uning'inie kwa waya ili siafu wasipande. Na uwe mbali na watu, mahali ambapo mtu akipiga kelele nyumbani, huko hazisikiki. Niliandika yote kwa mwandiko mzuri wa karani. Kisha nikafuata vipimo, mengine nikayaacha.

Mbao nilizitoa nyuma ya karakana moja ya mtaani, kutoka kwenye makasha yaliyoleta dawa za kiwandani. Zilikuwa nyepesi, zimenyooka, na zilikuwa bure. Misumari ilikuwa ile iliyobaki tulipoezeka jiko. Waya sikuwa nao, nikaupa mzinga miguu minne. Nikautengeneza mmoja, si miwili, kwa sababu nilitaka kuona haraka. Na nikauweka nyuma ya jiko letu, hatua chache kutoka ukuta wa jirani, kwa kuogopa wezi.

Mulamu wangu alizaliwa upande wa Lubudi, na baba yake alitundika mizinga maisha yake yote. Alikuja akautikisa mguu mmoja kwa kidole.

"Unajengea nyuki ao unajengea kuku?" akauliza. "Hii misumari ni ya mufupi. Sanduku ikijaa asali itakuwa nzito kupita weye."

"Itasimama," nikasema.

Hakunipiga siku hiyo. Alicheka tu, na kile kicheko nikakichukia zaidi ya ubao.

Nilisugua nta ndani kama tulivyofundishwa, nikauacha mzinga mvuani na juani hadi harufu ikafifia. Mwanzoni mwa mvua kundi likaja lenyewe. Nilisimama mlangoni nikiwaangalia wakimiminika tunduni, nikahisi nimeshinda kitu. Lakini walikuwa nyuki wakali tangu wiki ya kwanza. Walimfukuza mtu aliyebeba ndoo. Walinifuata hadi chooni. Mulamu wangu alisema ni ile harufu ya mbao, haiwaachi walale. Huenda ilikuwa kweli, huenda ni tabia yao tu. Mpaka leo sijui.

Jirani yetu alikuwa mzee aliyestaafu reli. Upande mmoja wa mwili wake ulikuwa umepooza. Kila asubuhi mke wake alimtoa nje, akamkalisha kitini kwenye jua, karibu na ukuta unaotutenganisha, akaenda sokoni kuuza unga. Mzee alikuwa akinisalimia kwa kuinua mkono wake mzima. Mbuzi wao alifungwa kwenye kigingi hatua tatu kutoka kitini.

Huku kwetu, machimbo yakitaka kulipua, king'ora hulia kwanza, kisha ardhi inaruka chini ya miguu na vumbi linashuka kutoka darini. Tumezoea. Wanawake hushika vyungu kwa mkono mmoja na kuendelea kuongea. Siku ile king'ora kililia saa sita mchana. Nilikuwa jikoni nasonga bukari, ugali wetu. Ardhi ikaruka, na baada ya mshindo nikasikia kitu kingine nyuma ya ukuta, mpasuko mkavu, halafu kishindo cha kitu kizito chenye maji ndani.

Miguu miwili ilikuwa imechomoka. Sanduku lilianguka kwa kona na kupasuka kama boga.

Naliandika hili kwa sababu sijawahi kulisema kwa sauti: nilikimbilia ndani ya nyumba na kufunga mlango. Mulamu wangu alikuwa bado nje, anafua. Alipiga mlango kwa ngumi. "Fungula! Fungula, weye!" Sikufungua. Nyuki kumi au kumi na tano walikuwa wameshaingia nami na walikuwa wananichoma kichwani, na mimi nilisimama nimeegemeza mgongo kwenye mlango huku mikono imefunika uso.

Kisha akaacha kupiga. Nikachungulia kupitia ufa wa dirisha. Alikuwa ametoa blanketi majini, amejifunika kichwa, anaruka ukuta kuelekea kwa mzee.

Mbuzi alikuwa anazunguka kigingi. Kila duru kamba ilizidi kufupika, hadi shingo ikabanwa kwenye mti na akasimama hapo, mweusi, akitetemeka ngozi yote, na ule weusi ulikuwa unatembea. Mzee hakuweza kusimama. Aliupunga mkono wake mmoja mbele ya uso, polepole, kama anavyosalimia. Mulamu wangu akamtupia blanketi, akashika kiti kwa nyuma na kumburura nacho hadi ndani ya nyumba yao. Yeye mwenyewe alikuwa hana kitu kichwani tena. Niliona nywele zake zinachemka nyuki.

Alimtoa miiba mmoja mmoja kwa ukucha, mzee yule, kabla ya kutoa yake. Vijana wa pikipiki wakambeba mzee hospitali, na mke wake akakutana nao njiani.

Alasiri hiyo habari ilimfikia mtoto wao wa kiume, mtu mzima, mchimbaji, akiwa shimoni. Ilimfikia ikiwa imeshabadilika: kwamba baba amekufa, na kwamba karani wa nyumba ya jirani aliwafuga wale nyuki makusudi. Alikuja na wenzake saba au wanane, bado wana udongo mwilini. Hawakubisha hodi. Mmoja alinikamata kwa misuko yangu ya nywele na kunitoa nje nikiburuta magoti. Nilipigwa mateke ya tumbo na ya mgongo. Nilisikia jino likivunjika kabla ya kuhisi maumivu. Wengine walimwaga petroli juu ya mabaki ya mzinga, wakawasha. Asali ikaanza kuungua ikitoa moshi mtamu, na nyuki waliobaki wakaanguka majanini wakiwaka mabawa.

Mulamu wangu akatoka. Uso wake ulikuwa umevimba hadi macho yamebaki mistari. Mkononi alikuwa na baramini, ule mtaimbo mrefu wa wachimbaji. Alimpiga nao wa kwanza kwenye paja, na yule akaanguka akilia. Wengine wakarudi nyuma. Akasimama juu yangu, mguu mmoja huku na mwingine huku.

"Miye njo nilimutoa baba yenu!" akawaambia. "Muangalie mikono yangu. Muangalie!"

Hawakuwa watu wa kuangalia mikono saa ile. Wakaanza kurusha mawe. Lile lililompata lilitoka kwa mtoto wa mzee. Nilimwona akiliokota, nikamwona akilirusha. Mulamu wangu hakupiga kelele. Aliketi tu chini kando yangu, kama mtu aliyechoka, akaweka kiganja kwenye jicho la kushoto, na damu ikapita kati ya vidole.

Daktari alilitoa jicho siku ya pili. Nililala kitanda cha kando yake, mbavu zimefungwa. Hakuniuliza kwa nini sikufungua mlango. Nilingoja aulize mchana na usiku, hakuuliza, na afadhali angenipiga.

Siku ya tisa mzee alikufa katika wodi ya wanaume. Daktari alisema ni moyo. Hakuna aliyeuliza moyo ule ulichoshwa na nini.

Shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu, alituita. Aliamua kwamba mizinga isiwekwe tena ndani ya mtaa, na kwamba sisi tumrudishie mjane mbuzi kwa mbuzi. Kuhusu jicho alisema aliyelipiga jiwe hayupo, na asiyekuwepo hahukumiwi. Mtoto wa mzee alikuwa ameshatoroka. Wengine walisema yuko machimbo ya mbali, wengine wakasema amevuka mpaka.

Mulamu wangu alisikiliza yote. Alingoja matanga yaishe. Asubuhi iliyofuata aliichukua ile baramini, akatoka. Nikamfuata nikiwa bado nashika mbavu.

Aliingia kwa jirani pasipo kubisha. Mjane alikuwa amekaa mkekani na binti zake wawili. Mulamu wangu alianza na mlango: alipiga bawaba ya juu, kisha ya chini, ukaanguka. Akapiga mbabula, makaa yakatawanyika. Akapiga chungu. Akapiga kile kiti cha mzee, mara tatu, mara nne, hadi kikawa kuni. Mabinti waliinuka wakitaka kumrukia.

"Mumuache," mjane akasema. "Amalize."

Alimaliza. Hakukuwa na vitu vingi. Aliangusha baramini, akaketi sakafuni katikati ya vipande, akihema.

"Muniletee mayi," akasema.

Mjane mwenyewe aliinuka, akachota maji mtungini, akampa kwa mikono miwili. Mulamu wangu akanywa yote. Kisha mjane akageuka, akaniona nimesimama mahali mlango ulipokuwa.

"Na miye," akasema, "nitapiga nani?"

Akaokota mwiko sakafuni, akaja. Alinipiga usoni, mabegani, kwenye mikono. Hakuwa na nguvu nyingi, lakini alipiga muda mrefu, na kila pigo alilitaja jina la mume wake. Sikujikinga. Nilipoanza kulia haikuwa kwa maumivu. Alipochoka aliegemea ukuta, na sote watatu tukabaki humo ndani, mabinti wakizoa makaa kwa kipande cha bati.

Tulipofika nyumbani mulamu wangu alisema, "Kesho tunaenda mu shamba. Ukuje na ile karatasi."

Shamba la ukoo wao liko kwenye barabara ya Lubudi, mbali na nyumba za watu, na lina miti ambayo wachoma makaa hawajaifikia. Huko ndiko tulikojenga upya. Mbao zilikuwa za mti mgumu wa mulombwa, tulizonunua kwa mpasuaji, nene kama kidole gumba, zenye vumbi jekundu linalotia doa mikononi. Misumari ilikuwa na urefu wa kiganja. Alinifanya ninuse kila ubao kabla ya kuupima, na nilinusa. Nilipima, nikachora, nikakata. Yeye alipigilia.

Jicho moja halijui umbali. Siku za kwanza nyundo yake ilikosa msumari mara nyingi kuliko ilivyopata, na mimi ndiye niliyeshika misumari. Kucha ya kidole gumba ilianguka, kisha ya kidole cha shahada. Hakuniomba radhi wala sikumwomba aache. Siku ya nne aligundua kwamba akiweka kwanza nyundo juu ya msumari, akaigusisha kidogo, kisha ndipo akaiinua, mkono wake unakumbuka njia. Tangu hapo hakukosa.

Tulibishana kila siku. Kuhusu tundu la kuingilia, mimi nilitaka kubwa kama nilivyoandika, yeye alitaka matundu madogo ambayo nyuki wachache wanaweza kuyalinda. Tukafanya yake. Kuhusu barete nilikataa katakata kupunguza wala kuzidisha hata unywele, na nilipozikuta alizokata kwa kukisia nilizitia motoni zote mbele yake. Alinitazama zikiungua.

"Vizuri," akasema. "Tukate zingine."

Nguo tulizishona kutoka kwenye magwanda ya kazi ya salaula, yaani mitumba, mawili mawili, moja juu ya lingine, kwa sababu mwiba hupita kitambaa kimoja. Wavu wa uso ulitoka kwenye chandarua cheusi kilichoshonwa kwenye kofia pana. Cheupe humulika jua, huoni kitu. Kifukizo ni kopo la maziwa lenye mdomo, na mfuko wa kupulizia uliotokana na tyubu ya gurudumu. Mizinga miwili, si mmoja. Tuliining'iniza kwa waya kati ya miti, kimo cha kiuno, tukapaka grisi kwenye waya. Mulamu wangu aliuvuta kila mmoja kwa uzito wake wote, akining'inia kama mtoto. Haikusogea.

Makundi yakaingia yote mawili kabla ya mvua kukolea. Leo tuna sita. Mjane hununua asali yetu na kuiuza kando ya unga wake. Hatuendi kwake wala haji kwetu, tunakutana sokoni. Mtoto wake hajarudi.

Mwaka jana mzinga wa nne ulitokea kuwa mbaya. Nyuki wake walitufuata hadi barabarani. Waliua kuku aliyekuwa ametundikwa kwenye baiskeli ya mpita njia, na mwenyewe aliokoka kwa kujitupa mtaroni. Jioni hiyo sikungoja hata kuvua gwanda. Nilisema tuuchome. Mulamu wangu akasema hapana, mzinga mzima hauna kosa, kosa ni la mama yao mmoja.

Tulikwenda asubuhi. Nilipuliza moshi, yeye akainua barete moja moja, akiziweka karibu na uso wake upande wa kulia. Nyuki walipiga wavu kama changarawe. Mmoja akaingia, akamchoma shingoni, wa pili, wa tatu, hakutikisika. Nilikuwa nimeishiwa moshi na nilitaka kukimbia, na nilijua kwamba safari hii sitakimbia, ingawa hofu ilikuwa ileile.

"Puliza," akasema.

Nikatia majani mapya. Kwenye barete ya tisa akasimama. Sikuona chochote ila nyuki juu ya nyuki. Yeye alivua glavu ya mkono wa kulia kwa meno, akaingiza vidole viwili katikati yao, polepole, akamtoa malkia. Alikuwa mrefu, wa rangi ya chai. Mulamu wangu alimwangalia kitambo.

"Samahani, mama," akamwambia, na akamponda.

Tukawapa barete yenye mayai kutoka mzinga wa pili, ule mtulivu, ili wajilelee malkia mwingine. Tukafunika. Mkono wake ulikuwa umevimba kama glavu iliyojaa maji, na njia nzima hadi barabarani aliuinua juu ili damu isishuke, huku akinieleza kwamba nimekata barete mbili za mzinga ule kwa haraka, moja ina mkunjo, na wiki ijayo nije na randa.